Kompyuta ya mezani imegoma kuwaka baada ya kusasisha bayosi: fuata hatua hizi kabla hujanunua kifaa chochote

Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mashine zinazoletwa mezani zikiwa "zimekufa baada ya apdeti" zimekuwa nyingi. Mwenye steshenari Mwanjelwa, hapa Mbeya, anataka Windows 11, kijana wa jirani anamwambia asasishe kwanza bayosi, ile programu ya ndani inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, anasasisha, skrini inakuwa nyeusi. Kuanzia hapo kila mtu anafanya mojawapo ya mambo matatu: anapiga Windows upya, ananunua pawa saplai nyingine, au anaiflashi bayosi tena, yaani anaiandika upya, kwa faili alilotumiwa WhatsApp. Mawili ya kwanza yanakula hela na muda. Hilo la tatu ndilo linaloua mashine kweli.

Mwongozo huu una wazo moja: pambanua kwanza, rekebisha baadaye. Bayosi ikishasasishwa, mara nyingine mipangilio yake yote hurudi kama ilivyotoka kiwandani. Mashine iliyopoteza mipangilio inafanana sana na mashine iliyoharibika, ila dawa zake ni tofauti kabisa.

Na jambo moja la kuokoa nguvu zako: Windows 11 inakubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, na kwa AMD kuanzia Ryzen za mfululizo wa 2000. Kama una OptiPlex 9020 au EliteDesk 800 G1, hizo ni za kizazi cha 4. Hakuna bayosi itakayozifanya zikubalike, kwa hiyo kama ndiyo sababu iliyokusukuma, hapakuwa na haja ya kuigusa.

## Andaa hivi kwanza

- Bisibisi ya nyota.
- Flashi ya GB 32 au pungufu. Iwe ya kawaida. Hizi za GB 128 zinasumbua kwenye kazi hii.
- Betri mpya ya CR2032. Kama duka la kompyuta hawana, mafundi saa na wanaouza rimoti za magari huwa nazo.
- Kompyuta nyingine inayofanya kazi, na bando la kupakulia faili.
- Kibodi ya waya. Ya bila waya iweke pembeni, maana mara nyingi haisomeki mapema.
- Multimita, kama unaweza kuazima.
- Simu ya kupigia picha kila waya kabla hujauchomoa.
- Umeme wa uhakika. UPS ni bora. Kama huna, angalia uniti za LUKU kabla hujaanza. Ninasema hivi bila utani: mita ikikata katikati ya kuandika bayosi, umejitengenezea tatizo la pili juu ya la kwanza.

Masika yakikolea, yaani Desemba hadi Aprili huku kwetu, usifanye kazi hii mchana ambapo radi zinaanza kunguruma kutoka mlima Loleza. Fanya asubuhi. Na Juni hadi Agosti, kwenye baridi kavu, vua sweta la sufu kabla ya kufungua kava. Sweta linazalisha umeme tuli, na ile cheche ndogo unayoisikia ukigusa kitasa cha mlango inatosha kuua RAM. Kila unaporudi kwenye mashine, gusa kwanza chuma cha kasha lake.

## Hatua ya 1: Iache dakika 30

Kama ndiyo kwanza imesasishwa, usiizime. Baadhi ya mashine huzima na kuwaka zenyewe mara kadhaa, feni zinapiga kelele kwa kasi ya juu, skrini haionyeshi chochote. Zinaandika sehemu mbalimbali za programu ya ndani, kila sehemu kwa zamu yake. Mashine mpya zenye RAM za DDR5 zinaongeza jambo jingine: baada ya bayosi mpya zinaipima RAM upya, na upimaji huo unaweza kuchukua dakika kadhaa skrini ikiwa nyeusi.

Watu wengi huishiwa uvumilivu dakika ya tatu, wakashikilia kitufe cha pawa. Hapo ndipo kazi iliyokuwa inaendelea vizuri inapokatwa njiani.

Ukiona taa ya diski au ya flashi bado inapepesa, endelea kusubiri. Zikipita dakika 30 bila mabadiliko, izime, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha pawa na ukishikilie sekunde 30 ili umeme uliobaki ndani utoke. Rudisha waya, washa.

Ukifaulu: utaona nembo ya kampuni, au ujumbe unaokuambia mipangilio imerudi ya kiwandani na ubonyeze F1 kuendelea. Nenda hatua ya 3.

## Hatua ya 2: Jua mashine yako iko kundi gani

Washa, kaa mbele yake dakika mbili bila kugusa kitu, kisha jibu swali hili: skrini imeonyesha chochote?

Kundi la kwanza. Skrini imeonyesha kitu: nembo, maandishi meupe, skrini ya bluu, hata ujumbe wa kosa. Bayosi yako ni nzima. Usiiflashi tena kwa hali yoyote. Nenda hatua ya 3.

Kundi la pili. Feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi. Nenda hatua ya 4.

Kundi la tatu. Haina uhai kabisa, au inawaka sekunde mbili inazima, inarudia. Inayorudia kuwaka na kuzima itendee kama kundi la pili. Isiyo na uhai kabisa anza na umeme: jaribu soketi nyingine bila ekstensheni, na angalia swichi ndogo nyuma ya pawa saplai. Dell nyingi za ofisini zina kitufe kidogo chenye taa hapohapo nyuma. Kibonyeze, taa ya kijani ikiwaka pawa saplai ni nzima. Ule ujanja wa kuunganisha waya wa kijani na mweusi usiutumie kwenye HP na Dell zenye plagi za pini 6 au 8, kwa sababu mpangilio wa nyaya zake si ule wa kawaida.

Kabla ya kujihesabu kundi la pili, hakikisha monita yenyewe haijakudanganya. Bayosi iliyorudi kiwandani inaweza kubadilisha mahali picha inapotokea. Kama una kadi ya picha, hamishia waya wa monita kwenye tundu la mazabodi, yaani bodi kuu ya mashine. Kama ulikuwa kwenye mazabodi, hamishia kwenye kadi. Kadi za zamani zina ugonjwa wao: bayosi mpya ikizima hali ya zamani ya kubuti (kuanza kuwaka), inayoitwa CSM, kadi hizo hazitoi picha mpaka Windows iwake. Ichomoe kadi kabisa utumie picha ya mazabodi, mradi prosesa yako ina uwezo huo.

## Hatua ya 3: Kundi la kwanza, rudisha mipangilio

Hapa ndipo mashine nyingi zinapopona, na hapa ndipo watu wanapofuta mafaili yao bure kwa kupiga Windows upya. Dada mmoja mwenye steshenari Uyole alileta yake akiwa amekata tamaa. "Kaka, imekufa, naomba tu unitolee mitihani ya darasa la saba iliyomo." Skrini ya bluu ilikuwa inaandika INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Mstari mmoja kwenye bayosi ulibadilishwa, mashine ikawaka na mitihani yake yote ndani.

Ingia kwenye bayosi kwa kugonga kitufe mfululizo mara tu unapowasha: HP ni F10, Dell ni F2, ThinkCentre ni F1, MSI na Gigabyte ni Delete, ASUS na ASRock ni F2 au Delete. Kisha angalia haya, kwa mpangilio huu.

Tarehe na saa. Ikiwa imerudi miaka ya nyuma, irekebishe. Ikirudi tena kesho yake, betri imechoka. Ipime kwa multimita: mpya inatoa volti 3 au zaidi kidogo, ikiwa chini ya 2.8 ibadilishe. Mashine za shule zinazokaa likizo nzima zimechomolewa ukutani humaliza betri hii haraka.

Hali ya diski. Tafuta neno SATA Operation, SATA Mode au jina linalofanana na hilo. Litakuwa AHCI au RAID. Dell nyingi zikirudi kiwandani zinakuwa RAID On, wakati Windows yako huenda ilipigwa ikiwa AHCI. Windows inayoamka na kukuta njia ya diski si ile iliyoizoea hutoa ile skrini ya bluu niliyoitaja. Badilisha kwenda upande wa pili, hifadhi kwa F10, jaribu. Ikikataa, irudishe ulipoikuta. Onyo: kama una diski mbili zilizounganishwa kama moja kwa RAID, usiguse mstari huu.

Legacy au UEFI. Ukiona "No bootable device" na diski inaonekana kwenye orodha ya bayosi, uwezekano mkubwa ni kwamba Windows yako ilipigwa kwa mtindo wa zamani (Legacy), na bayosi mpya sasa inatafuta mtindo mpya (UEFI) tu. Zima Secure Boot, washa Legacy au CSM, jaribu kubuti.

Ikiwaka, una kazi moja ya kuimaliza, kwa kuwa Windows 11 haitaki Legacy. Hifadhi kwanza nakala ya mafaili muhimu. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `mbr2gpt /validate /allowFullOS`. Ikijibu kwamba ukaguzi umefaulu, andika `mbr2gpt /convert /allowFullOS`, kisha rudi kwenye bayosi uweke UEFI. Programu hii imo ndani ya Windows 10 tangu toleo la 1703, hulipii wala hupakui. Ukaguzi ukikataa, acha kama ilivyo; usilazimishe.

Mpangilio wa kubuti. Kwenye UEFI, cha kwanza kiwe Windows Boot Manager. Kama jina hilo halipo kabisa ingawa diski inaonekana, buti kwa flashi ya Windows, chagua kurekebisha badala ya kusakinisha, fungua Command Prompt. Andika `diskpart`, halafu `list vol`. Tafuta sehemu ndogo ya FAT32, mara nyingi ya MB 100 au zaidi kidogo. Ichague kwa `select vol` na namba yake, andika `assign letter=S`, kisha `exit`. Angalia herufi ya sehemu yenye Windows, maana hapa si lazima iwe C. Malizia kwa `bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI`, ukiweka herufi uliyoiona.

Ufunguo wa BitLocker. BitLocker ni kufuli ya Windows inayolinda diski, na skrini yake ya bluu inayodai tarakimu 48 haina hitilafu. Bayosi imebadilika, chipu ya usalama imeona mabadiliko, imefunga mlango. Ingia kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kwenye mashine hiyo, ukurasa wa account.microsoft.com/devices/recoverykey, utaukuta ufunguo. Kwa mashine ya shule au halmashauri, ufunguo uko kwa mtu wa TEHAMA.

Kwenye mashine za AMD kuna ujumbe unaotisha zaidi, unaotaja fTPM, yaani hiyo chipu ya usalama, na kukuomba ubonyeze Y au N. Y inafuta kumbukumbu za chipu hiyo. Kama hujui ufunguo wa BitLocker ulipo, bonyeza N na uende kuutafuta kwanza. Ukibonyeza Y kwa haraka na ufunguo huna, mafaili yamekwenda, na hakuna fundi wa kuyarudisha.

Ukifaulu: Windows inawaka, na ukizima ukawasha mara mbili mfululizo inawaka bila kuuliza kitu. Nenda hatua ya 8.

## Hatua ya 4: Kundi la pili, ifutie bayosi kumbukumbu

Mipangilio ya bayosi ya zamani ikichanganyika na bayosi mpya, mashine inaweza kukwama kabla ya kutoa picha. Hatua hii inafuta mipangilio hiyo. Haigusi mafaili yako hata kidogo.

1. Zima, chomoa waya wa umeme ukutani. Uchomoe kabisa, usiishie kuzima swichi. Umeme mdogo unaendelea kuilisha mazabodi muda wote waya ukiwa umechomekwa, na ndio maana wengi wanasema "nimetoa betri haikusaidia".
2. Bonyeza kitufe cha pawa sekunde 30.
3. Fungua kava, piga picha.
4. Tafuta betri ya duara kama sarafu. Sukuma kibanio chake pembeni kwa kucha au ncha ya bisibisi, itaruka yenyewe. Usiitekenye kwa chini. Ukivunja kishikio hicho utahitaji fundi wa kuchomelea.
5. Iache nje dakika 10. Wakati huo bonyeza tena pawa mara mbili tatu.
6. Rudisha betri mpya, maandishi yakiwa juu.

Kuna njia ya haraka zaidi kwa wanaojua mashine yao. HP nyingi za ofisini zina kitufe kidogo cha njano kwenye mazabodi: umeme ukiwa umechomolewa, kibonyeze sekunde 5. Mazabodi za dukani, yaani zile zinazouzwa peke yake, zina pini mbili zenye maandishi CLR_CMOS, CLRTC au JBAT1. Ziguse kwa pamoja na ncha ya bisibisi sekunde 10. Kwenye OptiPlex nyingi tafuta RTCRST. Pini zilizoandikwa PSWD ni za nywila, ziache.

Ukifaulu: mara ya kwanza inaweza kujizima na kuwaka mara moja au mbili, halafu nembo inatokea na ujumbe wa saa kutowekwa. Rudi hatua ya 3 uweke mipangilio.

## Hatua ya 5: Ivue nguo

Bado nyeusi? Chomoa kila kisichohitajika: kadi ya picha, diski zote, printa, flashi, hata feni za nyongeza. Bakiza prosesa na feni yake, RAM moja, kibodi na monita.

RAM iliyobaki isafishe. Kwenye mashine zilizokaa pembeni mwa barabara ya vumbi, tatizo la "apdeti" mara nyingine ni RAM iliyolegea wakati mtu alipoihamisha mashine kuipeleka kwenye UPS. Ichomoe, futa meno yake ya dhahabu kwa kifutio safi cha penseli, pangusa kwa kitambaa kikavu, irudishe mpaka usikie vibanio vikigonga pande zote. Jaribu tundu moja, kisha jingine. Kama una RAM mbili, zijaribu kwa zamu.

Ukifaulu: inatoa picha. Rudisha vifaa kimoja kimoja, ukiwasha kila baada ya kimoja, mpaka umjue mchawi.

## Hatua ya 6: Soma taa na milio

Mashine isiyo na picha bado inazungumza.

Dell inapepesa kitufe cha pawa kwa rangi ya chungwa, inatulia, kisha nyeupe. Chungwa 2 na nyeupe 2 ni bayosi imeharibika. 2 na 3 ni RAM haionekani. 2 na 4 ni RAM mbovu. 3 na 3 ni kwamba imetafuta faili la kujiokoa haikulipata, na 3 na 4 imelipata ila halifai. Hizi ni za mashine za miaka ya karibuni. Za zamani zina mpangilio wake.

HP za ofisini hupepesa nyekundu ndefu kisha nyeupe fupi. Nyekundu 2 na nyeupe 2 ni bayosi iliyoharibika bila nakala ya kujiokoa.

Mazabodi za dukani mara nyingi zina taa nne ndogo zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Iliyobaki inawaka ndipo ilipokwama. DRAM ikiwaka rudi hatua ya 5. BOOT ikiwaka bayosi ni nzima, tatizo ni diski au mipangilio. Taa ya CPU ikibaki inawaka, au zote zimezimika na mashine imetulia tu, ndipo ninapoanza kuishuku bayosi yenyewe.

Rekodi video ya mipepeso kwa simu, uihesabu kwa utulivu. Kwa macho watu hukosea.

## Hatua ya 7: Iokoe bayosi kwa flashi

Fika hapa tu ikiwa hatua za 4 hadi 6 zimekwama. Pakua faili kutoka tovuti ya kampuni yenyewe, kwa kutumia namba kamili ya mashine: Service Tag kwa Dell, namba ya bidhaa kwa HP, jina na toleo la mazabodi lililochapwa kwenye bodi yenyewe kwa nyingine. Usikisie kwa jina la kasha. Kuna OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 na OptiPlex 7010 nyingine ya mwaka 2023, jina ni moja na ndani hazifanani hata kidogo. Gigabyte nao huandika rev., yaani toleo, kwenye kona ya bodi. Bodi ya rev. 1.0 na ya 2.0 zinaweza kuwa na bayosi tofauti.

Fomati flashi kwa FAT32. Usiweke kitu kingine ndani.

Dell za kuanzia mwishoni mwa 2015: faili lipe jina BIOS_IMG.rcv, liweke kwenye flashi, chomeka. Chomoa waya wa umeme, shikilia Ctrl na Esc pamoja, rudisha waya. Kama haijajiwasha bonyeza pawa bila kuachia vitufe hivyo. Achia skrini ya kuokoa bayosi ikitokea.

HP: faili la bayosi likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine linakupa chaguo la kutengeneza flashi ya kuokolea. Tengeneza. Chomeka kwenye mashine mbovu, shikilia kitufe cha Windows na B, washa huku umeshikilia. Ukisikia milio, au skrini ikaonyesha kazi inaendelea, achia na usiguse.

ThinkCentre: nyingi zina jampa, kile kifuniko kidogo kinachounganisha pini mbili, ya kuhamishwa kutoka pini 1 na 2 kwenda 2 na 3. Soma mwongozo wa mtindo wako, maana mahali pake panatofautiana.

Mazabodi za dukani zenye kitufe cha kuflashi nyuma ndizo rahisi kuliko zote. Faili la MSI liite MSI.ROM, la Gigabyte GIGABYTE.bin, la ASRock CREATIVE.ROM. La ASUS lipitishe kwenye programu ya BIOSRenamer inayokuja ndani ya faili ulilopakua. Chomeka flashi kwenye tundu lililowekewa alama, si lolote lile. Pawa saplai iwe imechomekwa plagi ya pini 24 na ile ya prosesa, mashine ikiwa imezimwa. Bonyeza kitufe hicho kama sekunde 3. Taa itaanza kupepesa.

Taa ikipepesa kidogo kisha ikaganda bila kuzima, faili halikusomeka. Sababu karibu kila mara ni jina lililokosewa, tundu lisilo lake, au Windows inayoficha herufi za mwisho za faili, hivyo ulichokiita MSI.ROM kumbe ni MSI.ROM.ROM. Washa kuonyesha herufi hizo, rekebisha, rudia.

Muda ni dakika 5 hadi 10. Usikohoe karibu na waya.

Ukifaulu: taa inazima yenyewe au mashine inajiwasha upya na nembo inatokea. Futa kumbukumbu kama hatua ya 4, halafu hatua ya 3.

### Ikikataa hata hapo

Imebaki kuandika chipu ya bayosi moja kwa moja kwa programa ya nje, kile kifaa kidogo cheusi cha CH341A cha kuandikia chipu na kibanio chake. Kama hujawahi, mpelekee fundi anayefanya laptopu. Ila nenda ukijua maswali ya kumuuliza, kwa maana bodi nyingi zimechomwa kwenye hatua hii.

Atasoma chipu kwanza na kuhifadhi nakala yake kabla ya kufuta? Nakala hiyo ina namba ya mashine, anwani ya mtandao na mara nyingi leseni ya Windows, ikipotea hairudi. Ataisoma mara mbili na kulinganisha? Nakala mbili zisipofanana, kibanio hakijakaa. Amesoma namba ya chipu kujua ni ya volti 3.3 au 1.8? Ya 1.8 ikipewa 3.3 inaungua, na W25Q128 zipo za aina zote mbili, zinatofautiana herufi za mwisho tu. Betri na waya wa umeme vimetolewa? Akikujibu "usijali bosi, niachie" kwa maswali yote manne, chukua mashine yako. Kama ni kumtumia fundi wa mbali, basi za usiku kwenda Dar zinabeba vifurushi. Bodi ikifungwa kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli na kadibodi ngumu inafika salama.

Linganisha gharama pia. Kwa OptiPlex ya kizazi cha 4, bodi nyingine ya mtumba mara nyingi inakaribiana na ufundi huo.

## Hatua ya 8: Imewaka, maliza kazi

Usiikimbizie kazini hapohapo. Ingia tena kwenye bayosi, piga picha kila ukurasa kwa simu, kisha zihifadhi picha hizo sehemu isiyo ndani ya mashine hiyo. Siku mipangilio ikipotea tena, hatua ya 3 itakuchukua dakika tano.

Kama RAM zako zilikuwa zinakimbia kwa kasi ya XMP au EXPO, yaani mipangilio ya kuiongezea RAM kasi, imezimika. Iwashe baada ya mashine kufanya kazi siku nzima bila kugoma.

Andika `tpm.msc` kwenye Run. Ukiona toleo 2.0 na neno "ready", lengo lako la Windows 11 limefikiwa upande huo. Ukiambiwa TPM, ile chipu ya usalama, haipatikani, rudi kwenye bayosi: kwa Intel tafuta PTT, kwa AMD tafuta fTPM, washa. Kisha andika `msinfo32` uone kama BIOS Mode ni UEFI na Secure Boot State ni On.

BitLocker, kama unaitumia, isimamishe kwa muda kabla ya kusasisha bayosi safari nyingine, na ufunguo wake wa tarakimu 48 uchapishe. Mwenye steshenari ana printa. Karatasi hiyo ikae kabatini na risiti za TRA.